Wakazi wa Meno ya Bandia: Kiambere na Swali la Usiku

Bamba la meno ya bandia hutoka mezani kwa fundi likiwa na rangi ya ufizi, liking'aa upande wa nje, na likiwa safi. Usafi huo hudumu dakika chache tu kinywani. Protini za mate hulipaka utando mwembamba usioonekana, na bakteria wa kwanza hutua juu yake siku hiyohiyo. Likikaa siku mbili tatu bila kusuguliwa, linakuwa limefunikwa na jamii nzima ya viumbe wadogo, wenye tabaka zao, mgawanyo wa kazi na ulinzi wao. Katika huduma ya meno nchini Kenya, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha siku mgonjwa anapolipa na kukabidhiwa meno. Kwa vijidudu, siku hiyo ndiyo mwanzo. Nashikilia kwamba pengo hilo kati ya makabidhiano na matunzo ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya maradhi yanayolaumiwa kwa meno ya bandia yenyewe, na kwamba linaweza kuzibwa kwa gharama ndogo hata mahali penye shida ya maji.

Kiambere ni mahali pazuri pa kulipima dai hilo. Iko Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, katika nchi kavu inayoteremka hadi Mto Tana. Ng'ambo ya mto ni Kitui. Bwawa lake liko chini kabisa katika mfululizo wa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, kisha Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988. Maji ya bwawa hilo husukumwa kwa mabomba hadi Mwingi, upande wa Kitui, ilhali maboma mengi ya Mbeere bado huteka maji na kuyabeba kwa mitungi, mara nyingi mgongoni mwa punda. Anayemtaka daktari wa meno hupanda gari kupitia Kiritiri hadi Embu mjini, iliko hospitali ya Level 5. Basi kuna maji ya kubebwa na daktari wa mbali. Ushauri wowote usioanza na mambo hayo mawili ni ushauri wa mtu wa mjini kwa mtu wa mjini.

Mahitaji ya meno ya bandia nayo yanaeleweka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa karibu watu wazima wote waliopimwa, asilimia 98, na meno yaliyooza kwa takriban thuluthi moja yao. Ufizi unaougua huliachia jino polepole bila maumivu makali, na kwa kuwa watu wengi hufika kliniki maji yakishazidi unga, tiba inayobaki ni kung'oa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 60 na zaidi duniani, 23 hawana jino hata moja. Mbeere, ambako chakula ni ndengu, kunde, muthokoi na mtama, mtu asiye na magego hupoteza zaidi ya sura. Hupoteza mlo.

Meno anayopewa karibu kila mara ni ya akriliki, plastiki iliyoanza kutumika kwa kazi hii mwaka 1937 na kuiondoa raba ngumu iliyotangulia. Akriliki ni nyepesi, haina bei kali, hutengenezeka kwa vifaa vya kawaida, na fundi huweza kuipa rangi ya ufizi wa mtu. Lakini ina matundu madogo sana, hunyonya maji, na hukwaruzika upesi. Kuna jambo moja zaidi ambalo wavaaji wengi hawaambiwi: upande wa nje wa bamba hung'arishwa, lakini upande wa ndani, unaolala juu ya kaakaa, huachwa bila kung'arishwa kwa sababu lazima ufuate kila kunjo la kinywa cha mwenyewe ili bamba lishike. Upande wenye mikwaruzo kuliko wote, basi, ndio unaokaa mahali penye giza, joto la nyuzi 37, hewa kidogo, na mate yasiyopita. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba uso wenye mikwaruzo inayozidi wastani wa mikromita 0.2 huanza kushika utando wa bakteria kwa wingi. Kipimo hicho ni kidogo kuliko upana wa bakteria mwenyewe. Kila mkwaruzo ni kama mtaro shambani: maji yakipita, kinachobaki hubaki humo.

Hatua za ujenzi wa jamii hiyo zinajulikana vizuri. Wanaotangulia ni streptokoki, bakteria wa mviringo wanaopangana kama shanga. Hawa wana viungo vya kunasa kwenye protini za mate, hula sukari na wanga, na hutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ni taka kwao, lakini ni chakula kwa veilonela, bakteria wasioweza kula sukari na wanaoishi kwa mabaki ya wenzao. Jamii ikizidi kujipanga, oksijeni hupungua katika tabaka za chini, na aina zisizopenda hewa hupata pa kuishi. Wote hujizungushia ute wanaoutengeneza wenyewe. Ute huo hushikilia maji, huzuia dawa kupenya, na huwafanya wasiondoke kwa kusukutua tu. Mtu akipitisha ulimi juu ya bamba akahisi utelezi, ndio huo.

Kisha huja kandida. Kuvu hii, hasa ile ya Candida albicans, huishi kinywani mwa watu wengi wenye afya bila kuleta taabu. Ina maumbo mawili: chembe za mviringo, na nyuzi ndefu zinazochipuka hali ikiruhusu. Joto la mwili na uso wa akriliki huzivutia nyuzi hizo. Streptokoki hujishikiza juu ya nyuzi za kandida na kuzilisha. Kandida huwapa bakteria jengo la kupandia na huwamalizia oksijeni wasiyoitaka. Mwaka 2016 watafiti waliokuwa London walitambua sumu ndogo ya protini inayotolewa na nyuzi hizo, wakaiita kandidalisini, ambayo hutoboa chembe za ngozi laini ya kinywa. Hapo ndipo jirani mpole anapogeuka.

Kaakaa likishambuliwa huwa jekundu chini ya bamba, mpaka wa wekundu ukifuata mpaka wa meno sawasawa. Mwaka 1962 daktari aitwaye Newton aligawa hali hiyo katika daraja tatu ambazo madaktari wanazitumia hadi leo: vidoa vichache vyekundu, kisha wekundu uliotanda eneo lote, kisha kaakaa lililoota vinundu. Kinachofanya ugonjwa huu upuuzwe ni kwamba mara nyingi hauumi. Wakati mwingine mwenye nao huhisi mchomo akila pilipili, au huchanika pembe za midomo, lakini wengi hawajui kwamba wanaugua. Tafiti za nchi mbalimbali zimeukuta kwa wavaaji kuanzia asilimia 15 hadi zaidi ya 70, tofauti kubwa inayotokana na nani alipimwa na kwa vipimo gani. Hata ukichukua kiwango cha chini kabisa, si ugonjwa wa nadra.

Nani mkosaji? Swali hili limewagawa wataalamu kwa muda mrefu, na jibu lake lina maana kwa mtu wa Kiambere kwa sababu linaamua atumie pesa yake kwa nini. Wa zamani waliulaumu mzio wa plastiki. Wengine waliulaumu msuguano wa meno yasiyokaa vizuri. Katika miaka ya 1970 Ejvind Budtz-Jørgensen wa Denmark aliweka uzito wa ushahidi upande wa uchafu wa bamba na kandida. Lakini kandida hukutwa pia kwa wavaaji wasio na wekundu wowote, kwa hiyo kuwapo kwake peke yake hakutoshi. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Forsyth, Boston, walipima watu 61 wasio na jino hata moja, wote wakivaa meno ya bandia kamili, wakakuta bakteria wa ugonjwa wa fizi ambao ilidhaniwa hutoweka jino la mwisho liking'olewa. Walikuwa wamebaki, kwenye ulimi na mate, na juu ya bamba. Kundi la Glasgow lilionyesha baadaye kwamba jamii iliyo juu ya bamba hutofautiana na ile ya kaakaa linalogusana nalo, na kwamba meno ya asili yaliyosalia hubadilisha muundo wa jamii hiyo. Nikiyapima yote haya, naona kumtafuta kijidudu mmoja wa kulaumiwa kunatupoteza. Yule yule huwa mpole au mkali kutegemea uso alipokaa, kiasi cha mate, chakula kinachomfikia na, zaidi ya yote, muda anaoachwa bila kusumbuliwa. Plastiki ikiwa mpya au kuukuu, kinywa kinahitaji saa kadhaa kila siku bila bamba.

Hapo ndipo usiku unapoingia. Mtu akilala, mate hupungua mno. Mate ndiyo yanayosafisha, yanayopunguza uchachu, na yenye protini za kuua vijidudu. Bamba likibaki mdomoni saa nane za ukame huo, jamii iliyo chini yake hupata muda wake bora kuliko wote. Na madhara hayaishii kaakaani. Watu wengi huvuta matone ya mate mapafuni wakiwa usingizini. Kijana mwenye afya huyakohoa, mzee dhaifu hashindi kila mara. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi kwa miaka mitatu. Waliolala na meno ya bandia walipata nimonia zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Mwaka uliofuata watafiti wa Glasgow walichunguza wavaaji 130 na kukuta, kwa karibu theluthi mbili, vijidudu vinavyojulikana kuleta maradhi ya mapafu juu ya meno yao. Mwaka 2023 utafiti wa Cardiff ulilinganisha wagonjwa wenye nimonia na wakazi wa nyumba za wazee wasio nayo, ukaona vijidudu hivyo vikiwa vingi takriban mara 20 zaidi juu ya meno ya wenye nimonia. Tafiti za kulinganisha namna hii hazithibitishi kwamba bamba ndilo lililoleta nimonia, maana mgonjwa huweza pia kushindwa kusafisha meno kwa sababu anaumwa. Hata hivyo zote zinaelekea upande mmoja. Na katika nyumba ambako chakula hupikwa kwa kuni, mapafu ya shosho tayari yamebeba moshi wa miaka mingi. Hayana nafasi ya mzigo mwingine.

Kwa nini basi watu hulala na meno ya bandia? Kwa sababu hakuna aliyewaambia wasilale nayo. Kwa sababu ya aibu: mama mkwe hataki kuonekana na wajukuu akiwa na midomo iliyobonyea, na mume na mke waliooana wakiwa vijana huoneana haya uzeeni. Kwa sababu ya hofu ya kupotea au kuvunjika kwa kitu kilichogharimu mbuzi kadhaa. Sababu hizi ni za heshima na za akili, na haziondolewi kwa kumkemea mtu kliniki. Zinaondolewa kwa kumweleza mapema, siku ya makabidhiano, na kumpa chombo chenye kifuniko cha kuyahifadhia. Chombo hicho kitamlinda na macho ya watu na kitayalinda meno na panya na watoto.

Mbeere haiwezi kuzungumziwa bila muguka. Jani hili la kutafuna, aina ya miraa, ndilo zao la biashara la maelfu ya familia za huku, na lilipopigwa marufuku na magavana wa Pwani mnamo Mei 2024, uchungu ulisikika hadi Kiambere. Sitaki kulijadili hapa kama mhalifu. Lakini kwa mvaaji wa meno ya bandia kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, viambato vya muguka hukausha kinywa, na tumeona mate yanavyohitajika. Pili, hutafunwa polepole na kuwekwa shavuni kwa saa nyingi, mara nyingi pamoja na bigijii au soda, na sukari hiyo huwafikia streptokoki na kandida kwa mkondo usiokatika. Tatu, vipande vyake hujisokota chini ya bamba. Upande wa pili wa mizani, kazi za maabara zilizofanywa kwa miraa ya Yemeni zilionyesha majimaji yake yakizuia ukuaji wa baadhi ya bakteria wa fizi. Habari hiyo haimsaidii mwenye bamba, kwa sababu maabara haikumpa bakteria soda. Anayetafuna na avue meno, au ayasafishe mara tu anapomaliza, na anywe maji matupu badala ya vinywaji vitamu. Dawa za presha za kuongeza mkojo nazo hukausha kinywa, na wazee wengi wanazinywa bila kujua uhusiano huo.

Nije kwenye maji, jambo linalonigusa zaidi. Miongozo mingi imeandikwa kana kwamba kila bafu lina mfereji. Lakini hesabu yenyewe ni ndogo. Kusugua bamba kwa brashi laini na sabuni ya kawaida juu ya karai, kulisuuza, na kulilaza usiku katika maji masafi hakuzidi vikombe vichache. Karai likiwa na maji au kitambaa chini, meno yakiponyoka hayavunjiki. Brashi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Hakuna dawa inayopenya ute mzito ambao haujavurugwa. Majivu, mchanga na mkaa, vinavyosafisha sufuria vizuri sana, huchimba akriliki. Hata dawa ya meno ya dukani ina chembe ngumu kupita kiasi kwa plastiki. Maji ya moto hupinda bamba lisikae tena. Mwongozo wa Chuo cha Marekani cha wataalamu wa meno ya bandia, uliotolewa mwaka 2011, unasema dawa ya klorini isizidi dakika 10, na meno yasuuzwe kabla ya kurudishwa mdomoni. Jik inayopatikana katika kila duka la Kiritiri ni dawa ya klorini; ichanganywe na maji mengi. Isitumike kwa bamba lenye chuma, kwa sababu huila. Kikombe cha usiku kimwagwe na kuoshwa kila asubuhi, kwa kuwa maji yaliyolala siku tatu huwa makazi mapya ya bakteria, na maji ya bwawa au kisima yasiyotibiwa huwaleta wengine kutoka nje.

Mwenye wekundu wa kaakaa akienda kliniki akapewa dawa ya kuvu ya kusukutua peke yake, mara nyingi atarudi. Dawa huua kandida walio juu ya kaakaa, lakini walio ndani ya matundu ya akriliki, chini ya ute, huvumilia viwango vikubwa mno vya dawa na kurudi kukikalia kinywa wiki chache baadaye. Mdomo na bamba hutibiwa pamoja, la sivyo ni kufukuza kuku na kuacha banda wazi. Kwa wenye kisukari, wanaotumia dawa za steroidi za pumu, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kandida hushambulia kwa nguvu zaidi, na wekundu unaokaa muda mrefu ni sababu ya kupima sukari. Kipimo hicho hakihitaji tena safari ya Embu: tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii, zaidi ya laki moja nchini, walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, nao hupita nyumba kwa nyumba.

Wahudumu hao ndio ninaowaona wanafaa kuziba pengo. Wanamjua guka kwa jina lake. Wanaweza kumwomba avue meno, kumulika kaakaa kwa tochi, kuutambua wekundu wenye umbo la bamba, na kuuliza swali moja: usiku yanalala wapi? Hawahitaji kuwa madaktari kwa hilo. Wakikuta wekundu, wanaweza kumwanzishia utaratibu wa kuyavua usiku na kuyasugua kila siku, kisha warudi baada ya wiki mbili. Wekundu wa daraja za chini mara nyingi hupungua kwa hayo peke yake. Mafundi wa meno nao wana wajibu wao kabla ya hapo: kung'arisha upande wa nje ipasavyo, kuivisha akriliki kwa muda wake kamili ili isibaki na matundu na kemikali, na kutomtoa mteja mlangoni kabla hajasugua meno yake mwenyewe mbele yao mara moja.

Kuna wasiosaidika kwa usafi. Bamba la miaka kumi, lililovunjika likaunganishwa kwa gundi ya dukani, halisafishiki tena. Mstari wa gundi ni ufa ambao brashi haifiki, na mfupa wa taya umeshayeyuka kiasi kwamba bamba huchezacheza na kuchubua. Mtu huyo anahitaji meno mapya, au angalau bamba lipandishwe akriliki mpya upande wa ndani, na yote mawili hufanyika Embu kwa pesa zinazotoka mfukoni mwa watoto wake. Mhudumu atakayemkuta amwambie hivyo waziwazi, amsaidie kupanga siku ya kusafiri, na katika kusubiri amwombe alale bila meno.